Mkanda Mmoja kwa Watu Wawili

Baraka, Alhamisi 3 Oktoba 1974

Daftari hili dispanseri imenipa niandike uzito wa watoto. Kuanzia mbele ni la watoto, kuanzia nyuma ni langu. Leo nisipoandika nitampiga mtu.

Kila Alhamisi kazi yangu ni hii: asubuhi tunapanda na Landrova mpaka Fizi, tunachukua watoto waliodhoofika pamoja na mama zao, tunawateremsha hapa Baraka wakanywe uji wa maziwa wiki nzima, na wale wa wiki iliyopita tunawarudisha kwao. Mwanamke mwenye mtoto mdogo kuliko wote huwekwa mbele, karibu na dereva. Ndiyo heshima yetu. Mbele hakuna vumbi, na watu wa njiani wanakuona. Leo mbuzi aliruka barabarani, dereva akakanyaga freni, na mtoto wa miezi kumi na nane akamtoka mama yake mikononi kama sabuni. Paji la uso likapasuka kwenye chuma. Nimemshona nyuzi tano. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo.

Tulipofika nilimwuliza Semutobo, dereva wetu, kama gari hili halikuja na mikanda. Akainua kiti. Mikanda mitatu ya kiunoni, imekunjwa vizuri, imefungwa ndani ya nailoni.

"Juu ya nini iko huku chini?"

"Isichafuke, Mama Florentine. Siku inspecteur atakuja, ataikuta mupya."

Miaka mitatu! Tangu gari hili lifike, mikanda imekaliwa tu.

Ijumaa 4 Oktoba

Mtoto wa nyuzi tano anakula. Mvua ya kwanza, ya kulowesha vumbi tu.

Jumapili 6 Oktoba

Kwenye karatasi za serikali nimeandikwa jina la bibi yangu, maana majina ya ubatizo yamepigwa marufuku. Hapa kwenye daftari nitabaki Anastasie. Eugène, mume wangu, anafundisha Kalemie na anarudi likizo kwa likizo. Ninaye Florentine peke yake, miaka miwili na miezi mitatu. Wawili waliomtangulia tuliwazika Swima, kwetu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nina wasiwasi kupita kiasi. Wasiwasi wangu una makaburi mawili.

Usiku nimelala kidogo. Kila nikifumba macho namwona yule mtoto akiruka.

Alhamisi 10 Oktoba

Nimeshinda vita. Mikanda imetoka kwenye nailoni na kufungwa mahali pake. Mama wa kwanza kuwekwa mbele alikataa, wa pili akakataa, wote wakawa na neno moja: mbuzi ndiye anayefungwa, mbuzi na mfungwa, na maiti ndani ya mkeka. Mmoja alisema mtoto akifungwa akiwa hai, kifo kinapita na kumwona amekwisha tengenezwa.

Nikafikiri. Mama na mtoto wake si watu wawili, kwetu ni mzigo mmoja mpaka mtoto aache ziwa. Basi nikamkalisha Adolphine, msichana wa Swima aliyeolewa Fizi, nikampakatisha mtoto wake mapajani, na mkanda nikaupitisha juu ya wote wawili, ukaanza kiunoni kwa mama, ukaja mbele ya tumbo la mtoto, kachu! Adolphine akacheka. "Ni kama nimemubeba mbele," akasema. Hapo wengine wakalegea.

Kwenye barieri wanajeshi walichungulia. "Citoyenne, hawa umewakamata juu ya kosa gani?" Nikawajibu kwamba kosa lao ni kuzaa. Wakacheka, wakatuinulia mti.

Albert, mkuu wetu wa dispanseri, amesema nimefanya jambo la akili na ataliandika kwenye ripoti. Nilijikuna shingo nikijifanya sikusikia vizuri, ili arudie.

Alhamisi 17 Oktoba

Leo nimekutana na kichwa kigumu. Anaitwa Mukarurangwa, mwanamke wa huko juu, Minembwe, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Surua iliwapitia, mwanawe Gasore akabaki mifupa: miaka mitatu, kilo nane na nusu. Kwa ajili yake ameshuka kukaa kwa shemeji yake Fizi. Nilimpa kiti cha mbele kwa sababu Gasore ndiye aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Alipoona mkanda akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama Muganga, pale sikai."

"Hakuna anayekufunga wewe. Munafungwa pamoja na mutoto."

"Njo hiyo sitaki. Kwetu muntu anabeba mutoto pa mugongo. Juu ya nini? Akianguka, anaanguka na uso, mutoto anabakia juu. We unataka nimuweke mbele, kisha munifunge naye. Tukianguka, ni mi ndiye nitamulalia."

"Mkanda haukuachi uanguke."

"We unajua mutuka, Mama. Mi najua kuanguka."

Akapanda nyuma. Hata kwenye benchi hakukaa kama wenzake. Alikaa chini kwenye bati, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta unaotenga nyuma na mbele, uso ameuelekeza tunakotoka, Gasore katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto kwenye kifua cha mama. Nikamwuliza Semutobo kama kwao wote wako hivi, maana na yeye ni mtu wa kule kule juu. Akasema, "Akiangalia mbele anasikia kutapika." Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatatu 21 Oktoba

Mvua. Gasore kilo nane na gramu mia saba.

Alhamisi 31 Oktoba

Watu wote wanaongea habari za pambano la ngumi la Kinshasa, mpaka mama waliolazwa. Barabara imeanza kuliwa pembeni. Semutobo anaendesha kama anayepeleka mayai. Nimemwambia ng'ombe wa kwao wangefika kabla yetu. Akasema mwenda pole hajikwai. Dereva huyu atanizeesha.

Alhamisi 7 Novemba

Padri mmoja aliyepita kuelekea Kalemie ametuachia magazeti ya Ulaya ya kufungia dawa. Ndani ya moja kuna picha ya gari la Amerika. Albert alitusomea: gari likigonga kitu, mfuko unatoka pale mbele, unajaa upepo mara moja, unampokea mtu usoni kama mto wa kulalia. Tulicheka mpaka machozi. Semutobo peke yake hakucheka. Aliiomba picha, akaishika muda mrefu.

"Upepo wa wapi?" akauliza. "Nani anaupuliza?"

Albert akasema haikuandikwa.

Jumatano 13 Novemba

Semutobo amechukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, ameujaza upepo nusu, ameubana kati ya kiti na ule ubao wa mbele, na kuuvika kitenge cha zamani cha mke wake. Watoto wa kituo wameupiga ngumi asubuhi nzima. Nilimtania kwamba sasa tunaye Mwamerika wetu. Lakini nilijaribu kuugonga na paji la uso, na kusema kweli hauumizi.

Alhamisi 14 Novemba

Hatumtaki tena Mwamerika. Tukiwa tunapanda, jua kali baada ya mvua, injini inachemka chini yake, mpira ukapasuka karibu kabisa na barieri. Wanajeshi wote walilala chini. Kule milimani kuna watu wa msituni wenye bunduki, kila mtu anajua, hakuna anayetaja. Mmoja alikuwa ameshaelekeza bunduki kwenye kioo chetu. Semutobo alitoka mikono juu, kitenge kikiwa begani, akawaeleza taratibu habari za mfuko wa upepo wa Amerika. Mimi nilikuwa nimejikunja chini ya ubao wa mbele. Walitukalisha juani muda wa saa mbili, kisha wakatuachia kwa pakiti tatu za sigara.

Nilidhani Semutobo ni mwoga. Leo mwoga nilikuwa mimi.

Jumapili 24 Novemba

Sikukuu ya utawala. Tumecheza uwanjani tangu saa mbili, mvua ikitunyeshea na pini za chama vifuani. Florentine amejifunza wimbo mzima, hajui hata neno moja lina maana gani. Afadhali.

Alhamisi 28 Novemba

Nimegombana na Mukarurangwa mbele ya watu. Ilikuwa zamu ya Gasore kurudi Baraka kupimwa. Nikamwambia leo sheria ni moja: mbele, na mkanda, ama abaki. Nilichoka kuona kila anaposafiri nasi akina mama wanamwangalia yeye pale chini kwenye bati, halafu wananiangalia mimi. Mmoja alikuwa ameanza kumwiga.

Hakubishana. Alimpandisha Gasore mgongoni kwenye ngozi yake ya kubebea, akakaza kamba, akaanza kutembea. Semutobo alizima injini.

"Washa."

"Mama Florentine, iko njia ya siku moja. Na mvua iko inakuja."

"Washa gari, Baba. Akichoka atapanda."

Tulipompita hakugeuka. Semutobo aliendesha akiangalia kioo cha nyuma mpaka Baraka. Mvua ilianza tulipovuka mto Mutambala, na usiku wote nimeisikia ikipiga bati.

Ijumaa 29 Novemba

Amefika saa nne asubuhi, amelala njiani kwa watu. Gasore ana homa na kikohozi. Nimempa sindano mwenyewe. Mama yake alimshikilia mkono nikimchoma, akaniambia aksanti. Ningependa angenitukana. Nilikuwa na hasira bado, na nilijua ni hasira ya mtu aliyekosa, lakini sikuiachia.

Jumatatu 2 Desemba

Kikohozi cha Gasore kinashuka. Mvua, mvua. Nimeota meno yamenitoka yote.

Alhamisi 5 Desemba

Nimemruhusu Mukarurangwa akae anavyotaka, ili mradi asiwafundishe wengine. Akasema, "Sifundishe muntu, Mama Muganga. Najikalia tu." Mbele amekaa Adolphine na mtoto wake, mkanda juu yao wawili, akipungia mkono kila nyumba kama mke wa commissaire. Huyo ndiye mwanafunzi wangu.

Mama mkwe kanitumia salamu kutoka Fizi: hajamwona mjukuu tangu Pasaka, je, nimemficha? Alhamisi ijayo nitampeleka Florentine.

Alhamisi 12 Desemba

(Sikuandika.)

Jumapili 15 Desemba, hospitalini, upande wa Uvira

Nimeomba karatasi kwa masista. Nikikaa bila kufanya kitu nitatoka mbio. Nitaandika yote, kwa mpangilio, kama ripoti.

Alhamisi tulipanda salama. Mama mkwe alimbusu Florentine, akampa muwa na gauni la njano. Saa tano tukaanza kushuka. Nyuma walikuwa akina mama wanne na watoto wao, na Mukarurangwa chini mahali pake na Gasore. Mbele Semutobo, katikati sanduku la chanjo tulilolifunga na mkanda, kisha mimi mlangoni na Florentine mapajani. Mkanda juu yetu wawili. Niliukaza vizuri. Niliukaza mpaka Florentine akasema, "Mama, inabana," nikamwambia ndiyo inavyotakiwa.

Mvua ilikuwa imekatika, barabara inang'aa. Semutobo alikuwa anakwenda mwendo wake ule ule wa mayai. Baada ya kona ya pili kutoka barieri kulikuwa na dimbwi kama madimbwi mengine yote. Asubuhi tulilipita. Ila maji yalikuwa yamekula udongo chini yake, na magurudumu ya mbele yakaingia, pua ya gari ikagonga ukingo wa pili, tukasimama. Ndiyo yote. Hatukupinduka, kioo hakikuvunjika. Kama angekuwa dereva niliyekuwa namtaka, mwenye haraka kama mimi, nisingekuwa hapa naandika.

Nilitupwa mbele. Nilisikia mkanda unakaza, nikasema moyoni, umeshika, asante Mungu. Kifua changu kilikuwa kimelala juu ya mgongo wa Florentine, na yeye alikuwa amekunjika kati yangu na mkanda. Nilipoinuka hakulia. Alifungua mdomo tu, hewa haikuingia. Kisha ikaingia.

Nilimgusa kichwa, meno, mikono, miguu. Hakuna damu. Nikacheka, nakumbuka nilicheka. Nyuma walikuwa wanapiga kelele: mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi amevunjika mkono, watoto wawili midomo imepasuka. Nilikwenda kuwafunga bendeji, nikamwacha Florentine na Semutobo kwenye majani. Mukarurangwa alikuwa bado amekaa chini, mgongo ukutani, kama tulivyomwacha Fizi. Gasore alikuwa anakula muwa wa Florentine tuliouweka nyuma.

Semutobo akaniita. Hakupaza sauti.

"Mama Florentine, kuja uone. Haiko muzuri."

Florentine alikuwa ametapika. Midomo imekuwa ya majivu. Nikapandisha gauni. Juu ya tumbo lake kulikuwa na mstari mwekundu, upana wa mkanda, tangu ubavu huu hadi ule. Nikabonyeza upande wa kushoto, juu, akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia kwake. Tumbo lilikuwa gumu. Mimi ni muganga, nimeona tumbo namna ile kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi. Mtu huyo alikufa jioni ile ile. Nilijua damu inakwenda wapi. Nikajiangalia mimi, nikafungua nguo: sikuwa na alama yoyote.

Gari lilikuwa limekwama, na kilomita tisa zilikuwa zimebaki kufika Baraka. Semutobo alikata miti miwili, akina mama wakatoa vitenge, tukatengeneza machela. Mukarurangwa alishika mbele, na Gasore mgongoni. Nilimwambia akishachoka apokelewe. Hakupokelewa. Kila tulipofika kwenye matope alikuwa anaweka mguu, anaujaribu, ndipo anaweka mwingine, na machela haikuyumba. Mimi nilikuwa natembea pembeni nikihesabu mapigo ya moyo wa mwanangu: mia na arobaini, mia na hamsini. Nilitaka Mukarurangwa ageuke aseme, "Nilikuambia." Nilitaka sana. Ningepata mtu wa kumchukia. Yeye alikuwa anahema tu.

Tulipofika Baraka, Albert alimtundikia maji ya mshipa, akasema hapa hatuna mkono wa kupasua. Mfanyabiashara mmoja wa samaki alimwaga samaki wake chini, akatupa gari lake. Tulifika alfajiri.

Daktari alimpasua asubuhi ya Ijumaa. Wengu ulikuwa umechanika, ameuondoa. Nimempa damu yangu, inalingana. Baadaye alitoka kuniuliza jinsi mtoto alivyokuwa amekaa. Nikamweleza kwa fahari iliyokuwa bado haijafa: kwamba alikuwa amefungwa, kwamba ni mpango wangu mwenyewe, kwamba uko kwenye ripoti.

"Una kilo ngapi?" akauliza.

"Sitini na mbili."

Alikunja ngumi, akaisukuma polepole ndani ya kiganja chake. "Zote, na mwendo wa gari juu yake, zimekwenda kwa huyu wa kilo kumi na moja."

Ni mimi ndiye niliyemlalia.

Jumatatu 16 Desemba

Homa. Hajafungua macho vizuri.

Jumanne 17 Desemba

Homa. Eugène amefika kwa meli na basi. Aliniuliza imekuwaje, nikamweleza yote, mpaka maneno ya Mukarurangwa. Alimtengenezea Florentine shuka. Kisha akasema, "Ulitaka mema." Hilo ndilo neno baya kuliko yote aliyoweza kuniambia.

Jumatano 18 Desemba

Homa. Usaha umetoka kwenye mshono. Nimemwahidi Mungu mambo mengi, mengine hata siyawezi.

Ijumaa 20 Desemba

Ameomba maji. Kisha ameomba muwa.

Jumatano 25 Desemba

Noeli haipo tena kwenye kalenda, lakini masista wameimba mlango umefungwa. Florentine ameketi. Nimetoka nje nikalia nyuma ya jikoni mpaka mpishi akaniletea kiti.

Baraka, Jumatatu 13 Januari 1975

Tumerudi. Niliwaza usiku kucha nitamwambia nini Mukarurangwa, nikapanga maneno kama barua. Nimemkuta kwenye uwanja wa dispanseri anafunga vitu vyake. Gasore ana kilo kumi na moja na nusu, mashavu yamejaa. Anarudi Minembwe.

Nikaanza, "Mama Gasore, siku ile ya mvua niliyokuacha njiani…"

"Mutoto iko muzima?" akauliza.

"Iko."

"Basi."

Nikapiga magoti hata hivyo. Aliniinua haraka, aliona aibu kwa ajili yangu. Nilimwomba aniambie mengine anayoyajua. Akafikiri, akasema hana mengine.

Alhamisi 16 Januari

Sokoni leo kulikuwa na lori la mfanyabiashara limejaa mihogo. Mbele, karibu na dereva, Adolphine. Amejifunga kwa kamba ya katani, kamba imepita juu yake na juu ya mtoto wake, fundo mbele. Aliponiona akanyoosha shingo dirishani.

"Mama Muganga, unaona? Hata mu mutuka ya batu tunafanya kama ulitufundisha! Bamama bote ba Swima banafanya."

Lori lilikuwa limeshawasha. Nilirukia kidato, nikaingiza mkono dirishani, nikawa nashindana na lile fundo, dereva ananitukana, Adolphine anapiga kelele kwamba nimepata wazimu. Nililikata kwa makasi ya bendeji. Kisha nikamweleza, pale pale, nikining'inia mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukabadilika.

"Sasa tufunge namna gani?" akauliza.

Nikamwambia akae nyuma.

Ijumaa 17 Januari

Wote wa Swima! Na Fizi, na nani anajua mpaka wapi. Jambo jema nikilifundisha mwaka mzima hakuna anayeshika, hili limekimbia kama moto wa nyasi. Kesho nitakwenda Swima kwa miguu baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi.

Jumapili 19 Januari

Swima, nyumba kwa nyumba. Niliwaambia nilikosea. Wazee wamenitazama kama mtu anayevua nguo. Mmoja aliuliza, kama muganga mwenyewe anakosea, wao wamwamini nani? Nilimwambia waniamini hili la leo.

Jumanne 28 Januari

Semutobo alinivuta mkono mpaka nyuma ya Landrova. Ametoa benchi moja. Kwenye ukuta ule ule aliokuwa akiegemea Mukarurangwa amefunga kwa bolti viti vitatu vidogo vya mbao, vinaangalia nyuma, vina mgongo mrefu kupita kichwa cha mtoto, vimejazwa majani na kushonewa turubai. Mikanda ni ya turubai la lori: miwili inapita mabegani, mmoja katikati ya miguu, inakutana kifuani. Kila mtoto na wake. Mama anakaa kando yake, anaweza kumshika mkono.

"Niliangalia ule mwanamuke vile alikuwa anakaa," akasema. "Ile siku, batoto bote balirushwa kwa ukuta. Gasore alikuwa amekwisha kufika pa ukuta."

Miaka mitatu nimemwita mzembe. Nilimwomba msamaha, akaenda kutafuta spana.

Alhamisi 6 Februari

Fizi. Akina mama sita walikuwa wanangoja. Waliviona viti, wakaanza: mbuzi, mfungwa, maiti. Na sasa, mtoto ametengwa na mama yake! Yule mkubwa wao, Mama Dorothée, akasema, "Mwanzo ulisema mama na mutoto njo mumoja. Leo unabatenganisha?"

Nilimsimamisha Florentine juu ya sanduku la chanjo, nikainua gauni lake mbele yao. Kovu linatoka chini ya mbavu mpaka kitovuni, bado jekundu. Nikawaambia, "Hii si gari iliyofanya. Ni mimi. Nilimfunga kwenye kifua changu, nikamwangukia." Nikawaeleza na Mukarurangwa alisema nini mwezi wa kumi, na mimi nilimjibu nini. Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyemtoa mtoto wake pia.

Ikabidi nianze na wangu. Nilimkalisha kwenye kiti cha katikati, nikamfunga mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, na akina mama wawili wakanifuatisha shingo upande. Tangu hospitali hajaketi popote isipokuwa mapajani kwangu. Alidhani ni mchezo mpaka gari lilipoanza kutembea, ndipo akaelewa kwamba sitamchukua. Alininyooshea mikono. "Mama, nibebe." Nikamwambia hapana. Akalia kwa sauti ile ya hospitalini, kando yake wale wengine wawili waliofungwa na mama zao wasiotaka wakaanza nao, na gari zima likawa linalia.

"We ni mama gani?" Mama Dorothée akanipigia kelele. "Chukua mutoto wako!"

Mikono yangu ilikuwa inakwenda yenyewe. Niliikalia. Tulipita kona ya kwanza, kona ya pili, tukalipita lile shimo ambalo sasa limejazwa mawe, Semutobo akipunguza mwendo mpaka tukawa kama tumesimama. Florentine alilia mpaka Mutambala, mikono ameinyoosha, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, karibu kabisa, sikumchukua.